Kioo Kilichotazama Dari

Gari langu bado ninalo. Nimeambiwa mara nyingi niliuze, eti magari ya aina ile hayafai kwa barabara zetu, na kila anayeniambia hivyo namjibu kwamba hata mimi niliambiwa siufai ukoo nilioolewa, mbona wamenizoea. Ni kigari kidogo cha kijivu, kifupi huko nyuma, cha otomatiki. Ila si otomatiki ile tuliyoizoea. Ndani ya giaboksi yake mna klachi mbili: moja ikishika gia ya kwanza, nyingine imeshaiandaa ya pili, zinapokezana zenyewe bila wewe kukanyaga kitu. Zikielewana, gari linateleza. Zikinuniana, lo, utaomba ushuke utembee.

Mwaka ule mume wangu alikuwa kikazi Mbeya, mimi nafundisha sekondari huku Kyela, nakaa Ngonga kwenye mji wa baba mkwe. Mzee alikuwa dereva wa malori ya mpunga maisha yake yote. Alipostaafu kisukari kikampata, na kidonda kikamtoka mguuni, chini ya kifundo. Daktari wa mjini alisema wazi: kisafishwe hospitalini kila Jumanne na kila Ijumaa, bila kukosa hata siku moja, la sivyo mguu utakatwa. Tulijaribu bodaboda mara mbili, akarudi kidonda kinavuja damu. Basi nani mwingine mwenye gari pale nyumbani? Ni mimi.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe wake, wala hawaongei. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, wanakula meza moja na kuchekeana. Mzee hakuacha, na mimi nililelewa na bibi, kwa hiyo wala sikujua kuacha kunaanzaje. Miaka tisa nilikuwa nimeolewa pale na sura yake siijui. Nilijua kofia yake, kikohozi chake, na viatu vyake vikianikwa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anatupelekea maneno, huku na huku, na alikuwa ametangulia mbele za haki mwaka mmoja kabla ya hapo.

Mume wangu akampigia simu baba yake kumwuliza itakuwaje. Jibu likaja fupi: "Nitakaa nyuma yake. Mgongo si uso."

Ikawa hivyo. Jirani anamsaidia kuingia, mimi nimejificha jikoni. Akikaa vizuri anagonga mlango wa gari mara mbili, ndipo natoka kichwa chini, naingia, nakaa mbele yake. Kile kioo cha katikati nilikigeuza kikatazama dari, ili macho yetu yasije yakakutana. Naendesha kwa vioo vya pembeni tu. Jamani, nilivyokuwa nawasema wanaoendesha ovyo!

Mwezi wa kwanza gari likaanza visa. Mwendo mdogo linatikisika, kuondoka linaruka, kwenye mwinuko wa daraja linarudi nyuma kidogo halafu linashtuka. Kila likishtuka nasikia nyuma yangu mtu anavuta pumzi kwa meno. Haniambii neno, hawezi. Akaanza kuliambia gari.

"We gari, umelishwa nini? Mimi nimeendesha tani kumi na mguu wa mtu haukuuma."

Nikawa natamani ardhi ipasuke. Sitaki kudanganya, nilikuwa na hasira pia. Nimeamka alfajiri, nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule, natukanwa kupitia gari! Ijumaa moja tuliporudi, kabla hajashuka, akasema: "Gari, Jumanne usinifuate. Heri wanikate huo mguu nilale kwangu kwa amani." Mlango ukafungwa. Niliingia jikoni nikalia, halafu nikapiga teke ndoo ya maji, halafu nikadeki yale maji mwenyewe.

Jumamosi nikaenda kwa fundi mjini, mtu wa asili ya pwani, mpole, anayesema mengi kwa mikono. Akachomeka mashine yake, akasoma, akaguna.

"Mama, klachi zako hazijaisha. Zinaungua. Wewe unabeba mizigo?"

"Nabeba mzee mmoja, tena mwembamba."

"Twende, uniendeshe kama unavyomwendesha huyo mzee."

Tukaenda njia ya Ipyana. Hatujafika mbali, tukamkuta mama mmoja na ungo wa mchele kichwani. Bila kufikiri nikapunguza mwendo, nikaenda naye sambamba, hatua kwa hatua, gari linatambaa. Fundi akanitazama.

"Mbona husimami wala huendi?"

"Si anasalimiwa huyo?"

"Na nani? Mimi simjui."

Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kila safari. Mzee anajulikana na kila mtu kutoka Ngonga mpaka mjini, na salamu zetu si za kupunga mkono. Unaulizwa umelalaje, watoto wamelalaje, mpunga umesimamaje, kakao imechumwaje. Yeye anasalimiana dirishani, mimi sina ruhusa ya kumwuliza "Nisimame, baba?", naye hana njia ya kuniambia "Simama." Kwa heshima nikawa naliacha gari litambae, mtu baada ya mtu, asubuhi nzima.

Fundi akafuta mikono. "Klachi hizi zinataka neno moja: shika au achia. Wewe unazishikisha nusu nusu mpaka zinaiva. Na pale darajani unalizuia gari kwa mafuta badala ya breki. Ukisimama, simama kabisa. Ukienda, nenda." Akabadilisha oili ya giaboksi, ile yenyewe iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, akaweka raba mpya za kushikilia injini, kisha kwa mashine yake akazifundisha klachi upya mahali pa kushikia. Kweli, niliporudi nyumbani peke yangu gari lilikuwa jingine. Lakini nilijua halitakaa hivyo wiki mbili kama mimi na mzee tutaendelea na adabu zetu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wa kwetu ulikuwa kwenye giaboksi.

Jumanne nikalisogeza gari mpaka chini ya dirisha lake.  Nikasimama nimelipa dirisha mgongo, nikaligonga boneti.

"We gari," nikasema kwa sauti ya darasani, "nilikuonea. Kuanzia leo ukikutana na mtu wa kusalimiwa utasimama kabisa, mpaka salamu ziishe. Hutatambaa tena. Na mgonjwa wako akikataa kupanda leo, mguu wake utakatwa, na mimi nitamwambia nini mwanawe?"

 Kuku wakapita. Nikakimbilia jikoni. Baada ya muda mrefu nikasikia mlango wa gari unagongwa. Mara mbili.

Nikaondoka polepole. Gari likateleza. Kwa mbali nikamwona kijana wa Bujonde anasukuma baiskeli yenye magunia, nikakanyaga breki, nikasimama kabisa. Nyuma yangu mzee akaita kwa Kinyakyusa, "Ugonile!", yaani umelalaje. Kijana akaitika, "Ndaga, tata," asante baba, wakasalimiana mpaka kwenye ng'ombe. Walipomaliza, sauti ikasema: "Umeona, gari? Hivyo ndivyo. Nilitaka kukuambia tangu mvua za masika, ila we ni mkwe wa watu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nimeziba mdomo kwa kitenge. Na nyuma nikasikia kikohozi kile, kile cha mtu anayezuia cheko.

Toka hapo tukawa tunaongea na gari, wote wawili. Aliliambia lisifuate lori kwa karibu. Nikaliambia lisinywe soda, lina kisukari. Aliliambia lilipokuwa kijana liliwahi kuzama na magunia mia kwenye tope likalala shambani siku nne. Tulikuwa tunachelewa kila mara kwa kusimama simama, nesi anafoka, lakini hatukukosa hata siku moja. Nikikumbuka zile asubuhi, harufu ya mpunga ikiingia dirishani na sauti ile nyuma ya sikio langu, natamani mtu anirudishie Jumanne moja tu.

Kidonda kilifunga. Aliishi mwaka mmoja zaidi kwa miguu yake miwili, akafa usingizini, na tulimzika pembeni ya mama mkwe.

Siku ile daktari alipomwambia basi, asirudi tena, mzee aliingia garini akasema: "Gari, usiende nyumbani. Twende Itungi nikaone ziwa." Zamani alikuwa anapeleka mpunga bandarini pale. Nikamshushia dirisha akatazama maji kwa muda mrefu, sikumharakisha. Kisha nikawasha tuondoke. Tulikuwa tumeanza tu kusogea.

"Rudisha kioo," akasema. "Barabara ina malori."

 Hakusema "gari". Nikasubiri aseme, hakusema.

"Rudisha kioo, mwanangu."

Nikakanyaga breki mpaka mwisho, nikaweka gia ya kuegesha, nikasimama kabisa. Nikakishika kioo nikakishusha, kwanza nikaona dari, kisha kofia, kisha yeye. Alikuwa mzee mdogo sana, mdogo kuliko sauti yake, na alikuwa na macho ya mume wangu. Yalikuwa yananitazama.

"Ugonile," akanisalimia.

"Ndaga, tata," nikaitika. Tukaulizana watoto, mpunga, kakao, tukamaliza zote.