Mkanda wa Jeshi na Adhana ya Mjukuu

Wajukuu wangu sita, kila mmoja alipozaliwa nilimwadhinia sikioni mimi mwenyewe. Wa saba, wa mwanangu wa kiume, alipokaribia kuzaliwa hapa Magogoni, ubavu wangu wa kushoto ukaanza kuwaka moto. Siku ya tatu yakatoka malengelenge, yamejipanga kutoka uti wa mgongo hadi kifuani.

"Mkanda wa jeshi huo," mke wangu akasema, akenda kutwaa futi yake ya kushonea. Tangu utotoni tuliambiwa ncha mbili za mkanda huo zikikutana, mtu hufa. Basi kila asubuhi akanipima.

"Bado inchi ishirini, bwana. Wasia ushaandika?"

"Nishaandika. Nimekuachia futi."

Binti yetu, muuguzi katika zahanati moja kule Changamwe, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, hazikutani hizo! Baba, uliwahi kuugua tetekuwanga?"

Niliwahi. Nilikuwa na miaka saba, kwetu Mtongwe, mama akinikosha kwa maji ya mwarobaini.

"Ni virusi vile vile. Ulipona, lakini havikutoka. Vilijificha kwenye mishipa ya fahamu, karibu na uti wa mgongo, vikalala. Kinga ya mwili ilivizuia miaka yote. Sasa imepungua kwa umri, vimeamka. Kirusi hakizai peke yake, baba. Huingia ndani ya chembe hai, kikailazimisha itengeneze virusi wenziwe, mpaka chembe ikafa. Vimefuata mshipa mmoja hadi ngozini, nao mshipa huo ni wa upande mmoja tu. Ndiyo maana mkanda hauzunguki."

Nikasema, "Subhanallah." Miaka sitini nimebeba mgeni nisimjue.

Kisha akaacha kucheka. "Lakini mtoto humshiki. Maji ya malengelenge yana virusi, na mamake hakuwahi kuugua tetekuwanga, hana kinga ya kumpa. Ikimpata angali mchanga, ni hatari kubwa. Subiri yakauke yote."

"Na adhana?"

"Ana babake."

Mwanangu akashtuka. "Mimi? Sauti yangu hii ni ya kunadi viatu sokoni!"

"Mwadhinie," nikamwambia, ingawa moyo uliniuma kuliko ubavu.

Siku walipomleta mtoto, nilikaa uani, chini ya dirisha la chumba chao. Mwanangu akaanza, taratibu. Pale ninapovuta mimi, akavuta. Pale ninapopumua, akapumua. Wallahi sikuwahi kumfundisha. Aliisikia kwangu tangu siku yake ya kwanza, ikakaa ndani yake ikingoja. Nikajikuta nalia, na ubavu nimeusahau.

Wiki tatu baadaye binti yangu alinikagua mgongo, akasugua kwa kidole penye makovu makavu. "Haya, baba. Kaa vizuri."

Akaniwekea mjukuu mapajani. Alhamdulillahi, alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Mke wangu akatoka na futi yake, akaanza kumpima kanzu.