Verna Dykhouse na Waliokuja Kufunga Taa

Mtaani kwetu Muskegon, mji ulio kando ya ziwa, taa za Krismasi za akina Dykhouse ziliitwa taa za Lyle. Balbu nene za rangi zilifuata ukingo wote wa paa, zikapanda hadi kileleni, zikazunguka bomba la moshi, kisha zikashukia msonobari wa mbele. Watu walipitisha magari polepole ili watoto waone. "Mwaka huu Lyle kajitahidi," tulisema, huku Lyle akipunga mkono kutoka barazani. Alikuwa wakala wa bima, mrefu, mwenye sauti nzuri, mtu asiyeweza kununua mkate bila kumchekesha muuzaji.

Aliyezifunga taa hizo ni mkewe.

Verna alikuwa dereva wa basi la shule. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimpandisha Verna kwenye ngazi angali msichana mdogo. Juu ya paa Verna alitembea kama yuko jikoni kwake. Lyle, yeye, akifika kipago cha tatu cha ngazi magoti yalianza kutetemeka, akashuka akijifanya amesahau kitu.

Mwaka wao wa kwanza katika nyumba ile, Verna alikuwa upande wa nyuma wa paa akikaza waya, Lyle amesimama chini anashika ngazi. Jirani akapita. "Lyle, kazi safi hiyo!"

"Asante bwana, tunajitahidi."

Verna alicheka mpaka akakaa chini juu ya vigae. "Tunajitahidi! Wewe umejitahidi nini?"

"Kushika ngazi, mke wangu, na kumwomba Mungu."

Wakati ule ulikuwa utani wa watu wawili wanaopendana. Lakini miaka ilipita, na utani ukageuka kuwa ukweli wa mtaa mzima. Kanisani walimwuliza Lyle ushauri wa balbu. Chama cha bustani kilipotoa tuzo ya nyumba iliyopambwa vizuri, kibao kilichosimikwa kwenye nyasi zao kiliandikwa jina la Lyle peke yake. Verna alikitazama, akaingia ndani kukoroga supu yake ya mbaazi. Lyle alipomwuliza kama amekasirika, alisema hana neno. Alikuwa nalo. Alilimeza, na mwaka uliofuata akameza jingine.

Mwaka mmoja, Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba, Verna alikwenda kumwona dada yake. Aliporudi alikuta pikapu kubwa nyeupe imeziba njia ya gari lake, na juu ya paa lake vijana wawili wenye mikanda ya usalama wanabana taa ndogondogo nyeupe, zote saizi moja, zimenyooka kama zimepigwa rula. Lyle alikuwa kwenye nyasi na kikombe cha kahawa, kofia kichwani, anaelekeza kwa kidole.

Kando ya pipa la takataka, barabarani, yalikuwa maboksi ya balbu za Verna, yale aliyoachiwa na baba yake. Moja lilikuwa limetupwa kwa nguvu likapasuka, na vipande vya kioo chekundu na cha buluu vilikuwa vimetapakaa juu ya theluji.

Kiongozi wa mafundi, kijana mnene mchangamfu aitwaye Brody, akamjia akitabasamu. "Mama, hongera, una mume! Mzee kaniambia magoti yamekataa, hawezi kupanda tena. Nikamwambia mzee, umepanda miaka yote hiyo, sasa pumzika, tuachie sisi vijana."

Verna alimtazama Lyle. Lyle angesema neno lolote wakati ule, pengine mambo yangekwisha kwa ugomvi wa kawaida. Badala yake alimkonyeza.

Kile kikonyezo ndicho kilichomchoma. Ni kikonyezo cha mtu anayekwambia, tuendelee tu kama kawaida yetu, wewe na mimi tunajua.

"Shukeni," Verna aliwaambia waliokuwa juu.

Vijana wakamtazama Brody. Brody akamtazama Lyle. "Mzee, vipi? Tuendelee?"

"Unamwuliza nani?" Sauti ya Verna ilikuwa imewahi kunyamazisha basi zima la watoto wa darasa la saba. "Nimesimama mbele yako, nimesema kwa mdomo wangu, na wewe unamwuliza yeye?"

"Mama, samahani, ila aliyetuita ni mzee..."

"Verna, mpenzi," Lyle akasema kwa ile sauti yake ya kuuzia bima, "ni zawadi. Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtua."

Akavua glavu zake nzuri, akazitia mfukoni, akashika ngazi. Brody alipiga kelele asipande bila mkanda. Verna alikuwa amekwisha fika juu. Alipita katikati ya wale vijana wawili, waliojibanza kumpisha, akakaa kileleni mwa paa karibu na bomba la moshi. Milango ya mtaa ilikuwa imeanza kufunguka. Bi Pruitt, jirani wa upande wa pili, alitoka na taulo mkononi.

"Lyle!" Verna aliita. "Njoo huku juu."

"Shuka tuzungumze ndani, tafadhali."

"Tutazungumza huku huku. Wewe si mpandaji? Si umepanda miaka yote? Panda basi. Waoneshe vijana unavyofanya."

"Watu wanatutazama, Verna."

"Ndiyo. Walikuwa wanakutazama wewe kila mwaka, leo nataka wakuone vizuri. Panda!"

Lyle alimkabidhi Brody kikombe. Akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, kisha cha pili. Kwenye cha tatu akasimama. Mikono ilizikumbatia mbao za ngazi, uso ukapauka, na ngazi nzima ikaanza kutetemeka kwa kutetemeka kwake. Brody aliishika kwa chini haraka. Bi Pruitt akaachia kicheko.

"Na wewe unacheka nini?" Verna alimgeukia kutoka juu. "Si wewe uliyemwokea keki mwaka jana, ya pongezi? Uliniletea mimi hata kipande?"

Bi Pruitt akaingia ndani.

"Siwezi," Lyle alisema, uso ameuegemeza kwenye mbao za ngazi.

"Sikusikii."

"Siwezi kupanda. Sijawahi kupanda. Ni Verna." Kisha akapaza sauti, ikapasuka katikati: "Taa zote ni za Verna!"

Verna alitegemea kusikia raha. Hakuisikia. Alimwona tu mzee amening'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na hasira ikazidi, kwa sababu hata kumwaibisha hakukumtosheleza. Alishuka baada ya Brody kumsaidia Lyle kufika chini.

"Toeni kila kitu," alimwambia Brody.

"Sawa, mama." Safari hii hakumtazama mtu mwingine.

Jikoni Lyle alikaa bila kuvua koti. "Mwaka jana uliteleza," alisema. "Pale karibu na bomba. Nilikuwa chini, sikuweza kufanya lolote. Tangu siku hiyo nikifumba macho nakuona unaanguka. Ndiyo maana niliwaita."

"Basi ungewaambia hivyo!" Verna alipiga meza, vijiko vikaruka. "Ungesema mke wangu ndiye hupanda, na mimi naogopa ataanguka. Kuna ugumu gani hapo? Hata unaponihurumia, Lyle, lazima uniibie!"

Lyle alivipanga vijiko upya, kimoja kimoja.

Verna aliokota balbu zilizosalia nzima akazifunga mwenyewe, ngazi ameikaza kwa kamba. Lyle alipotoka kuishika, alimwambia arudi ndani. Mwaka ule taa zilikuwa chache, zenye mapengo, na watu walipita haraka. Verna alihamia kulala chumba cha cherehani.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Lakini Lyle ni Lyle. Jumapili moja, wakati wa kahawa baada ya ibada, Verna alimkuta amezungukwa na watu, anawasimulia. Aliigiza alivyotetemeka kwenye ngazi. Aliigiza sauti ya Brody. Watu walishika mbavu, na mama mmoja alifuta machozi akisema, "Lyle, una moyo mkubwa kukiri hivyo!" Wakampiga piga mgongoni. Amekiri, na kwa kukiri amejipatia sifa nyingine.

Verna aliweka sahani yake ya biskuti za tangawizi mezani.

"Hiyo naisimulia mimi," alisema. "Kaa, Lyle."

Lyle akakaa.

Verna hakujua kusimulia. Alianza katikati, akarudi nyuma, akasahau jina la Brody. Hakuna aliyecheka. Alieleza baba yake alivyomfundisha kutandaza uzito wake juu ya paa lenye barafu. Alieleza kile kibao kwenye nyasi, na alivyokuwa akikoroga supu huku anakitazama dirishani. Kile kikonyezo alikieleza mara mbili. Lyle aliinamisha kichwa muda wote, masikio mekundu. Verna alipomaliza alichukua koti lake akatembea kwenda nyumbani, ingawa kulikuwa mbali, tena upepo wa ziwani ulikuwa unakata.

Kabla majira ya baridi hayajakwisha alirudi chumba chao. Hasira haikuondoka, ila ilipungua ukali. Walizungumza zaidi kuliko zamani, mara nyingi kwa kugombana.

Vuli iliyofuata goti la kushoto la Verna ndilo lililokataa kweli. Alikaa nalo wiki kadhaa, akalitukana, kisha akapiga simu mwenyewe. Brody alikuja na ile pikapu, akavua kofia mlangoni.

"Mama Verna. Tunaanzia wapi?"

"Kileleni. Na hizo nyeupe zenu rudisheni garini. Nimenunua za rangi."

"Mama, kubwa hivyo siku hizi hazifungwi, vibanio vyetu ni vya..."

"Brody."

"Nakwenda kutafuta vibanio," alisema Brody.