Marejea ya Mpakani

Shangazi yangu wa Nyasura ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Asubuhi niliyofika kutoka Musoma, ng'ombe huyo alikuwa amesusa majani kwa siku ya pili, mate yanamdondoka.

Jirani, mama aliyekuja na jembe lake, alikuwa ameshatoa hukumu.

"Ni haya maua yako, mama. Yang'oe yote leo. Yanauaga ng'ombe."

"Mbona mimi nakulaga majani yake na sijafa?"

"Una matumbo manne wewe?"

Shangazi akacheka, ila macho yalibaki kwa ng'ombe. Maua yenyewe ni marejea ya porini, yaliyojiotea kwenye mchanga mkavu mpakani mwa viwanja vyao. Nyasi zote zilikuwa zimegeuka rangi ya kamba, lakini marejea yalisimama na maua ya njano, kila moja na michirizi myekundu myembamba. Maganda yaliyokauka ukiyagusa tu, mbegu zinacheza ndani. Kiangazi, hiyo ndiyo mboga ya shangazi. Akiyang'oa, hana nyingine.

Nilijua marejea yapo ya aina nyingi, na mengine ni sumu kwa mifugo. Haya sikuyajua. Nikaona nimuulize ng'ombe mwenyewe. Shangazi akamfungulia, nami nikamfuata na daftari langu la mimea.

Alipita katikati ya marejea bila kuyanusa. Nilichunguza mabua: hakuna lililokatwa kwa meno. Akajipenyeza kwenye mwanya wa ua wa minyaa, akazunguka nyuma ya jiko la jirani, akazamisha mdomo kwenye rundo la maganda mabichi ya muhogo.

"Muhogo gani huu?" niliuliza.

Jirani, aliyekuwa ametufuata, alishusha jembe lake chini. "Ule mchungu. Tunaulowekaga kwanza, sumu itoke."

"Basi ng'oa jiko lako, jirani," shangazi akasema.

Mtaalamu wa mifugo alikuja, akampa ng'ombe dawa, akasema huenda ni maganda ya muhogo, hawezi kuapa. Tukamfunga ng'ombe karibu na maji. Siku ya pili yake alianza kula.

Asubuhi hiyo jirani alichimba shimo, akafukia maganda yote. Kisha akaja mpakani na jembe lilelile, akang'oa marejea ya upande wake, shina baada ya shina, asivuke mstari. Shangazi alisimama upande wake akimtazama, ng'ombe anacheua nyuma yake.