Saa Mbili ya Saadani

Mfumo ulinipa dakika mbili. Nisipogusa kitufe ndani ya muda huo, unajifunga na kufuta yote niliyoandika. Aliyeutengeneza, naapa, hajawahi kupigiwa simu na bibi wa Saadani.

Nilikuwa mpokea simu katika kampuni ndogo ya magari ya wagonjwa, Bagamoyo. Daktari mmoja wa Dar alishaniambia nina ADHD, akili isiyotulia. Nikisikiliza, mikono inasahau. Mikono ikishughulika, masikio yanaziba. Enzi za daftari nilimudu, maana daftari lilinisubiri. Kisha ukaja mfumo, na msimamizi akatuambia kazi sasa itajifanya yenyewe.

Bibi alipiga asubuhi moja. Binti yake alikuwa mjamzito, uzazi wa kwanza alipasuliwa, na safari hii daktari alitaka aletwe mjini kesho yake, kabla uchungu haujaanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Kazi zinakwendaje? Na mvua?"

Mtu mzima hakatizwi salamu. Tulipofika kwenye jina la mgonjwa, mfumo ulikuwa umejifunga. Nikaanza upya. Akamuulizia mama yangu, ambaye hata hamjui, ukajifunga tena. Mara ya tatu nilikuwa nabonyeza ovyo kwa hasira, kama anayeua sisimizi.

"Saa mbili asubuhi," akasema. "Tutakuwa barabarani."

Nikaandika mbili.

Kila mtu pale ofisini alijua kwamba saa zetu huongezwa sita kabla ya kuingia kwenye mfumo: saa mbili asubuhi huandikwa nane. Nilijua hata mimi. Lakini mfumo haukuniuliza. Haukuruhusu safari za usiku, kwa hiyo mbili yangu ukaigeuza kumi na nne, yaani saa nane mchana, ukaweka alama ya kijani, na asubuhi ya safari ukamtuma dereva kwenda Chalinze kwa kazi nyingine. Haraka haraka haina baraka, lakini mimi niliona kijani nikashusha pumzi.

Kesho yake saa tano bibi alipiga tena. Nilimwamkia, hakuitikia.

"Gari liko wapi? Mwanangu anatoka damu."

Dereva alirudi mbio kutoka Chalinze, lakini Chalinze si jirani na Saadani. Binti alipona. Mtoto hakupona.

Jioni mfumo ulitaka sababu ya kuchelewa, nichague moja: mvua, ubovu wa barabara, ubovu wa gari, mgonjwa hakuwa tayari. Kosa la mpokea simu halikuwemo. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nalia, natafuta pa kujiandika, dakika mbili zikapita. Mfumo ukajichagulia wenyewe.

Wiki iliyofuata bibi alikuja ofisini na karatasi ya taarifa ya safari aliyopewa na kampuni. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole uleule wa kwenye simu.

"Nisomee mwanangu, macho yangu mabovu. Eti wameandika hatukuwa tayari?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona tulitoka alfajiri? Tulimtandikia mkeka pale barabarani."

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikuwa na kazi moja tu duniani, na niliiogopea.

"Ndivyo mashine ilivyoandika, bibi."

Akaikunja karatasi, akanishukuru kwa kumsomea.