Lango la Pitchou

Walinzi wawili wakikutana Jeppestown, mtaa wa Joburg, kila mmoja atasema analinda benki. Pitchou hakulinda benki. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda katika mtaa mmoja wa matajiri na kuinua mti wa chuma uliopakwa nyekundu na nyeupe, gari lipite, kisha aushushe. Kazi halali kabisa. Kosa lake ni kwamba siku ya posa, wakwe walipomuuliza kwa simu kutoka Uvira analinda nini, aliona haya kusema analinda mti.

Murielle, mchumba wake, alikuwa amemsimulia kuhusu kalenda ya masista iliyotundikwa ukutani kwao. Ilikuwa na picha ya mji wa kale wa Italia: lango refu la mawe, minara miwili, na matundu ya kuwamwagia maadui mafuta ya moto. Mama Agnès, mama yake Murielle, aliipenda picha ile kiasi kwamba mwaka uliisha, na mingine ikaisha, kalenda ikabaki palepale. Basi Pitchou akajibu: "Ule mulango wa kwenye kalenda? Wazungu waliubeba jiwe kwa jiwe, wakaujenga huku Joburg. Mimi ndiye ninaulinda." Vigelegele vikasikika hadi kwenye simu. Murielle akaozwa, akamfuata mumewe Joburg.

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilikuwa ndefu kidogo, maana Mama Agnès aliisafiri kwa basi kutoka Uvira. Alishukia nyumbani kwa Pitchou na Murielle, Troyeville, na mfuko wa ndagala, dagaa wa ziwani, na neno moja. Neno hilo hakumwambia Pitchou. Kwa mila zao mama hasemi na mkwe wake wala hamtazami usoni, na wakikutana mlangoni mmoja anarudi nyuma. Mkwe akimgusa, au akitaka miiko hiyo iishe, analipa mbuzi. Mbuzi huyo akishaliwa, haya zimekwisha, na wanaweza hata kula meza moja. Pitchou alikuwa akimwahirisha mbuzi wake tangu harusi.

Neno akapewa Murielle, kwa sauti ya kumfikia hata jirani: "Ambia bwana yako nataka kuona ule mulango. Kama hauko, narudi na wewe Uvira. Mutoto wangu sikumupa muongo."

Hamu ya ndagala ikamwisha Pitchou. Alimpenda Murielle, tena sana, na alimjua vizuri: mbele ya mama yake hakuwa na ubishi. Maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga. Akampigia Melchior, Mrundi wa kanisani kwao, aliyekuwa mlinzi katika kasino moja upande wa kaskazini. Ndani ya kasino hiyo ulijengwa mji mzima wa Kiitalia, na vichochoro vyake, na nguo zilizoanikwa ambazo hazikauki miaka yote, na anga limechorwa darini. Na lango lilikuwepo.

"Eish, mulete Jumamosi," Melchior akasema huku anacheka. "Na wewe vaa uniform."

Jumamosi Melchior aliwapokea amekakamaa. "Chef, mukubwa wangu!" akampigia Pitchou saluti ya jenerali. Murielle akauma mdomo asicheke. Mama Agnès akatazama juu, akakaa hivyo muda mrefu.

"Murielle, juu ya nini mawingu hayatembei?"

Pitchou akageukia pipa la taka, asimtazame mama mkwe. "Murielle, ambia mama mawingu ya Bulaya hayana haraka."

Mama akalisogelea lango, akaligonga kwa vifundo vya vidole. Likalia kama debe tupu.

"Ni mawe ya zamani," Pitchou akaliambia pipa. "Yanakauka ndani."

Mama hamwiti mkwe wake mwongo mbele ya uso wake. Mila imemfunga mdomo. Lakini haijamfunga miguu. Alijipiga picha mbele ya minara, akaitazama, akaridhika. Kisha akasema: "Ambia bwana yako asimame mule mulangoni, nione vile anaulinda."

Pitchou akasimama chini ya tao, kifua mbele, uso ukutani. Mama akaja polepole. Alipofika katikati akashika kichwa: "Yoo, kizunguzungu!" Murielle alikuwa upande wa kulia, mikono wazi. Mama akaangukia kushoto.

Pitchou angefanya nini? Amwache mama wa mke wake aanguke sakafuni mbele ya watu? Akamdaka kwa mikono miwili, kama anayepokea gunia la unga.

Melchior akafunika mdomo kwa kofia. Mama Agnès alisimama wima saa ileile, mzima kabisa, akakung'uta kitenge.

"Murielle," akasema, "bwana yako amenigusa. Mbuzi."

Njiani kurudi Mama Agnès alituma Uvira ile picha, na sauti juu yake: mlango ameuona, mkwe anaulinda, na maaskari wanampigia saluti. Pitchou, kiti cha mbele, alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani wiki nzima. Mke amebaki. Kwa mbuzi mmoja tu! Akajiona mjanja kweli, hata akapiga mluzi.

Mbuzi aliletwa uani Jumamosi iliyofuata, hai, kamba shingoni. Mama Agnès alimzunguka, akainama, akamgonga paji la uso kwa vifundo vya vidole. Mbuzi akalia.

"Huyu ni wa kweli," akasema.

Pitchou akaacha kupiga mluzi.

Nyama ilipoiva wakaketi meza moja. Mama Agnès akamsogezea mkwe wake bakuli, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni na kusema naye mwenyewe.

"Sasa, mutoto wangu, haya zimeisha. Mulango wako wa kweli uko wapi?"

Pitchou alimtazama Murielle, akatazama sahani. "Ni muti tu, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Wa chuma. Ninauinua, ninaushusha."

"Na matajiri wanangojea mpaka uuinue?"

"Wanangojea."

Mama Agnès alitafuna, akafikiri, akacheka mpaka kitenge kikamlegea kichwani. "Basi kesho utanipeleka niuone," akasema. "Lakini picha imekwisha kwenda Uvira. Usiniharibie."