Kisima cha Mzee Mabula

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa idara ya afya pale Shinyanga mjini hakunionyesha meza wala kiti. Alinipa koti jeupe, akanipeleka machinjioni. "Ini hili lina minyoo," akasema huku akilipasua kwa kisu. "Mwenye ng'ombe atakubembeleza ulipitishe. Mlaji humwoni, lakini ndiye unayemfanyia kazi." Nilikuwa msichana, ila watu waliniita bwana afya hivyo hivyo. Jina lilikuwa la kazi.

Nilikagua mabucha ya Ngokolo na vyoo vya Kambarage kwa miaka mingi, kisha nikahamishiwa Geita, kwenye kata moja nje ya Katoro. Huko wachimbaji walikuwa wamevamia eneo jipya la dhahabu, wakajenga kambi ya maturubai. Choo hakikuwapo. Wote walichota maji kwenye kisima cha wazi cha Mzee Mabula, mfugaji aliyekichimba na wanawe kabla dhahabu haijaonekana.

Mvua zilipoanza, kipindupindu kikaingia. Mchimbaji wa kwanza alifariki mbele yangu, kwenye turubai tulilolitenga kwa matibabu. Wenzake walitaka kumwosha wenyewe na kumsafirisha kwao. Nikawaambia haiwezekani: maiti ya kipindupindu huoshwa kwa maji ya klorini na kuzikwa karibu, la sivyo ugonjwa husafiri pamoja na msiba. Tukamwosha mimi na muuguzi. Wenzake walisimama kando.

Kutoka makaburini nilikwenda kwa Mzee Mabula nikiwa na mtendaji wa kijiji. Nilimwamkia kwa Kisukuma. Akaitikia, akanisogezea kigoda.

"Baba, nimekuja kufunga kisima."

"Ukikifunga, ng'ombe wangu wanywe nini, mwanangu? Na hawa watu je?"

Mtendaji alinivuta pembeni, akataka tuite mgambo. Nikakataa. Nilijua watu wakishikwa na kiu wangekimbilia madimbwi ya kuoshea dhahabu, na yale yana zebaki, sumu ambayo hata ukichemsha maji haitoki.

Nikapanda pikipiki hadi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu mkali.

"Nilikuagiza ufunge kisima. Umefunga?"

"Bado, daktari. Naomba boza la maji kwanza."

"Boza liko kwenye ujenzi wa barabara."

"Barabara inaweza kusubiri. Wale hawawezi."

Akampigia simu mhandisi wa barabara ile. Wakabishana. Alipokata simu akasema, "Litafika kesho. Lisipofika, nipigie mimi, usimpigie mtu mwingine."

Likafika. Mzee Mabula aliyaonja maji, akawaita wanawe, wakakiziba kisima kwa matawi ya miiba. Ng'ombe wake ikabidi wapelekwe mtoni, mbali, na baadhi ya ndama hawakuimudu safari ile. Hakuwahi kunilaumu. Wachimbaji nao tukawaonyesha pa kuweka vyoo, upande wa chini wa mteremko, uchafu usije ukateremkia maji. Kuchimba walikujua kuliko sisi. Tulizika wengine, kisha wagonjwa wakapungua, na hatimaye turubai la matibabu likabaki tupu.

Boza si jambo la kudumu. Niliendelea kuisumbua halmashauri hadi ikachimba kisima kirefu cha pampu kwenye mwinuko. Ilichukua muda, na wakubwa wawili walinichoka.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza utumishi wa umma una faida gani. Nawaambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu ni ugonjwa ambao haukutokea, na hakuna anayeamka kushukuru kwa asichougua. Ukiweza kuishi na hilo, ingia.

Mwaka huu nilipita kule. Kambi imekuwa mtaa wa nyumba za bati. Mama mmoja alikuwa akisukuma pampu, mtoto mgongoni. Nikamuuliza nani aliyeweka maji pale.

"Sijui, bibi," akasema. "Sisi tumeyakuta."

Akanikingia kikombe, nikanywa.