Sekunde Arobaini na Saba za Sindano

Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo siku ya Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa napeleka mafaili wodi ya pili nikamkuta fundi wa kompyuta akikandamiza pini ya mwisho kwa kidole gumba. Kichwa cha orodha kilikuwa cha herufi nene: Watu Ishirini Waliobadili Sura ya Tovuti. Chini yalifuata majina, picha na sifa za waandishi wa JavaScript, ile lugha ya kompyuta inayoufanya ukurasa wa tovuti uitikie mtu anapobonyeza kitufe au kujaza fomu.

Nikasoma wote ishirini, maana mimi sijui kusoma nusu. Namba tisa alikuwa bwana mmoja wa kampuni inayotengeneza mifumo ya hospitali. Alisifiwa kwa kubuni programu ndogo inayotunza maneno ya mtu anayejaza fomu, ili mtandao ukikatika yasipotee. Nikairudia sentensi ile mara ya pili. Nilisimama pale na mafaili kumi na mawili mikononi, damu ikinichemka, kwa sababu programu ile niliiona ikizaliwa. Ilizaliwa hatua nne kutoka kwenye meza yangu, na aliyeizaa ni wifi yangu.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, tunamwita Sindano. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, miaka kumi na tatu iliyopita. Muuguzi mkuu alichanika pindo la sare mbele ya wageni, na huyu mgeni wa masjala, ambaye hata meza alikuwa hajapewa, akachomoa sindano yenye uzi kutoka nyuma ya kola yake, akapiga magoti na kulishona palepale. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Yeye mwenyewe aliajiriwa kuchapa tu. Elimu yake ni kidato cha nne, kama mimi.

JavaScript alijifunza kwa kufumua. Kila kivinjari kina mahali pa kubonyeza ukaona maandishi yaliyojificha nyuma ya ukurasa. Yeye aliyafungua, akayanakili kwa mkono kwenye daftari, kisha akawa anafuta mstari mmoja mmoja aone nini kitaharibika.

"Nguo huijui mpaka uifumue, wifi," aliniambia.

"Na ukishindwa kuishona tena?"

"Basi hiyo ndiyo siku utakayojifunza."

Siku zile umeme ulikatika mara mbili au tatu kila siku. Kompyuta zetu zilikuwa na betri zake, hazikuzimika. Lakini kisanduku cha mtandao cha kwenye korido hakikuwa na betri. Mgonjwa amekaa mbele yako, amekutajia jina, umri, mtaa, ndugu wa karibu na magonjwa ya nyuma. Unabonyeza kutuma, fomu inageuka nyeupe kama sahani iliyolambwa. Unamwomba aanze upya. Asubuhi moja mzee mmoja aliulizwa mara tatu jina la ndugu yake wa karibu, na mara zote tatu akaeleza kwamba ni mke wake, na kwamba mke wake amefariki mwezi uliopita. Mara ya tatu Sindano aliinuka akatoka nje. Aliporudi, macho mekundu, akaniuliza kama saa yangu ya mkononi ina mshale wa sekunde.

Alitaka nimpimie. Umeme ukikatika, jenereta inachukua muda gani kuamka, na taa ya kijani ya kisanduku cha mtandao inawaka baada ya muda gani? Mimi ni mtu wa kuandika. Nina madaftari ya mambo ya kazini tangu mwaka wangu wa kwanza, yote yana namba. Nilipima mara kumi na tisa, katika wiki tatu. Nyingi ziliangukia sekunde arobaini na nne na arobaini na tano. Iliyozidi zote ilikuwa arobaini na saba. Hiyo ndiyo aliyoichukua. Akaandika programu inayoyashika maneno ndani ya kompyuta yenyewe, inasubiri sekunde arobaini na saba, kisha inajaribu kutuma tena. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wetu aliyerudia habari zake kwa sababu ya umeme.

Alipoiona inafanya kazi akaiweka mtandaoni bure, kila mwenye shida aichukue. Watu wa kazi hiyo wana desturi moja: hawalipani, ila juu ya kila wanachogawa huandika jina la mwenye mkono, na anayechukua haligusi. Sindano aliandika mistari miwili. Wa kwanza: Imeandikwa na Sindano, masjala ya hospitali. Wa pili: Chukua, tumia, badilisha, ila mistari hii miwili usiifute. Hakuomba kingine.

Basi Jumanne ile nilimpeleka mbele ya ubao. Mfamasia, ambaye ulimi wake hauna likizo, alikuwa ameshafika.

"Ndiyo maana unaitwa Sindano," akamwambia. "Unavisha wenzako, mwenyewe uko uchi."

"Bora mimi," Sindano akajibu. "Wewe unagawa dawa na kikohozi chako hakiishi."

Alitania, lakini nilimwona vidole vinatafuta kola. Tukarudi masjala. Akafungua ukurasa wa kampuni ile na kuyatazama maandishi ya nyuma yake kwa muda ambao mimi nilipanga mafaili yote kumi na mawili kisha nikayapanga tena.

"Wamebadilisha majina ya kila kitu," akasema. "Kama mtu aliyeiba shati akabadilisha vifungo. Na mistari yangu miwili haipo."

"Sasa utathibitishaje?"

Akaweka kidole kwenye skrini. "Hii hawakuigusa. Arobaini na saba."

Hapo ndipo nilipocheka kwa hasira. Jenereta ile kuukuu ilishakokotwa na kupelekwa kuyeyushwa miaka minne iliyopita. Mpya inaamka na kurudisha mtandao kwa sekunde kumi na mbili, na Sindano alisharekebisha programu yake zamani. Hawa walinakili toleo la kwanza bila kujiuliza namba ile imetoka wapi. Kwa hiyo watu wa nchi za mbali, ambao pengine hawajawahi kukaa gizani hata siku moja, wanakaa mbele ya skrini zao wakiisubiri jenereta yetu iliyokufa.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo Namba Tisa mwenyewe akaja. Kampuni yake ilitaka hospitali ichukue mfumo wao mpya, na katibu wa hospitali akatuita sote chumba cha mikutano tuuone. Mgeni alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya upole. Akajaza fomu iliyoonyeshwa ukutani, akachomoa waya wa mtandao, akatuonyesha kwamba maneno hayakupotea. Katibu akapiga makofi. Mgeni akarudisha waya. Skrini ikasubiri. Ikaendelea kusubiri.

"Kaka, samahani," mfamasia akasema. "Waya si umesharudi? Sasa inamngoja nani?"

"Swali zuri. Inasubiri sekunde arobaini na saba. Ni utafiti wetu. Tulipima mitandao ya miji mingi, tukaona huo ndio muda bora."

Mimi si mtu wa kuongea mikutanoni. Katika miaka ishirini na sita nimewahi kunyoosha mkono mara mbili, na zote zilihusu kabati linalovuja. Lakini nikasimama.

"Miji ipi?"

"Samahani, mama?"

"Miji mliyopima. Itaje, niandike."

"Ni data nyingi sana, mama. Siwezi kuikumbuka yote hapa."

"Mimi ninayo." Nikafungua daftari namba kumi na nne, ukurasa wa thelathini na moja, nikawasomea. Tarehe, saa umeme ulipokatika, sekunde. Nilisoma mistari yote kumi na tisa, na nilipofika kwenye arobaini na saba nikasoma pia nilichoandika pembeni: hii ndiyo ndefu, wifi ameichukua.

Sindano alikuwa mstari wa nyuma. Hakusimama. "Kaka, nina swali moja tu. Ile mistari miwili ya juu uliyoifuta, ilisemaje?"

Mgeni akatabasamu, lakini shingo yake ilishabadilika rangi. "Dada yangu, mtandaoni kila mtu anachukua kwa kila mtu. Vitu hivi ni vya jamii."

"Kwenye orodha mbona hawakuweka picha ya jamii?" mfamasia akauliza, na watu wakacheka.

Katibu hakucheka. "Jamani, tusimpotezee mgeni muda kwa mambo ya sekunde. Sindano, wewe ni mchapaji mzuri, hakuna anayebisha. Haya ya programu waachie wenye vyeti."

"Sijaomba cheti, mheshimiwa," Sindano akasema. "Naomba mistari yangu miwili."

"Nitalifikisha panapohusika," mgeni akasema, akaanza kukunja waya wake.

Mimi ni mtu wa masjala. Napajua panapohusika. Ni droo isiyo na kitasa.

Tukangoja siku kumi na moja. Hakikuja kitu. Hasira yangu haikuwa ya yule kijana peke yake. Hata mwizi wa kuku humkumbuka mwenye kuku. Kilichonikera ni makofi ya katibu. Programu hii amekaa nayo miaka kumi, imemwokoa kila siku umeme ulipokatika, na hakuwahi kuipigia kofi hata moja mpaka ilipokuja imevaa koti la watu.

Siku ya kumi na mbili, saa ya chakula cha mchana, nikamwambia wifi nataka kuandika kule kwenye ukurasa wa kampuni ambako watumiaji wa programu huuliza maswali hadharani.

"Acha, wifi," akasema. "Watasema nina njaa ya sifa."

"Watasema mimi ndiye mwenye njaa. Nimeshiba vya kutosha kuvumilia."

Nikakaa. Ninachapa kwa vidole vinne, polepole. Nikaanza na swali: kwa nini sekunde arobaini na saba? Kisha nikajibu mwenyewe, tangu yule mzee aliyeulizwa mara tatu habari za mke wake. Nikaandika mistari miwili iliyofutwa, neno kwa neno. Nikaambatisha picha ya ukurasa wa thelathini na moja. Nilipobonyeza kutuma, umeme ukakatika.

Sindano akainua macho kutoka kwenye sahani yake. Nikatazama saa ya mkononi. Sekunde ya kumi na mbili jenereta mpya ilikuwa imeamka, taa ya kijani inawaka koridoni. Maneno yangu yalikuwa bado pale kwenye skrini, hata nukta haikupungua, na chini yake palikuwa na kialama kinachozunguka. Kampuni ilikuwa imeiweka programu yake hata kwenye ukurasa wao wa maswali. Sekunde thelathini na tano zilizobaki tulizikaa bure, mawifi wawili na sahani moja, tukiisubiri jenereta iliyoyeyushwa ipeleke mashtaka yetu.

Yakaenda.

Walioanza kujibu ni watu tusiowajua, wa kazi hiyohiyo, kutoka nchi nyingi. Mmoja alisema alikuwa na toleo la kwanza tangu mwaka lilipotoka, na mistari miwili bado iko juu. Akaiweka kila mtu aione. Mwingine alisema miaka sita amekuwa akiogopa kuipunguza ile arobaini na saba kwa kudhani kuna siri kubwa. Wakamuuliza Namba Tisa miji aliyopima ni ipi. Hakutaja hata mmoja.

Siku ya tisa baada ya hapo mistari miwili ilirudi juu ya programu ya kampuni. Bila samahani, bila barua, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani kwa kuiacha mlangoni. Sindano aliisoma, akaisoma tena, kisha akavuta kibodi.

"Unawaandikia nini?" nikamuuliza. Nilitumaini ni tusi.

"Nawatumia marekebisho. Watu wanasubiri bure, wifi. Namba isiwe moja kwa wote, kila mahali wapime pao."

Nikamwacha. Moyo wake ni wake. Wangu bado haujapoa, kwa sababu orodha haikubadilishwa. Namba tisa bado ana picha yake pale ubaoni, na nilipomwambia fundi wa kompyuta aishushe alisema imebandikwa kwa idhini ya katibu. Karatasi ya ofisi mimi sichani. Nilifanya kama ninavyofanya faili likiwa na kosa: nikachukua kalamu ya wino mweusi, na pembeni ya namba tisa, kwa mwandiko wangu wa kawaida, nikaandika: Tazama daftari 14, ukurasa 31, masjala. Nikatia sahihi na tarehe. Daftari lenyewe liko juu ya kaunta. Mpaka jana jioni wamekuja kulitazama watu arobaini na mmoja, na katibu bado hajafika.